Sentimita Tatu za Wifi

Kazi yangu ni kukagua mizani. Naingia kwenye bucha, naingia duka la unga, naingia kwa muuza vitambaa anayepima kwa rula iliyolika ncha. Natoa mawe yangu ya serikali kwenye mkoba, nayaweka juu ya mizani, na hapo ndipo utaona mtu mzima na ndevu zake akitokwa jasho. Wenye mabucha wamenibatiza Bibi Gramu. Jina hilo nalijua, na kusema kweli nalipenda. Kuna mmoja nilimfungia mizani kwa lakiri wiki nzima kwa sababu ya gramu sitini. Alinisihi, "Mama, gramu sitini ni nini? Si kipande cha mafuta cha kumrushia paka?" Nikamwambia huyo paka aje anunue mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye domo la namna hiyo, ndiye aliyemdanganya wifi yake sentimita tatu. Tena si wifi wa kugombana naye jikoni. Ni dada wa mume wangu, mwanamke aliyenifundisha hata kufunga ndoana. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, na wanasema kweli. Ngojeni nieleze, na tafadhali msinihurumie.

Wifi yangu ni fundi wa mapazia. Ni mfupi, mnene kiasi, na sauti yake inaita mtu ng'ambo ya barabara bila yeye kuinuka kitini. Chumba chake cha kazi kinatazama mtaa. Cherehani ya miguu iko chini ya dirisha, majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani, chaki zinakaa kwenye kopo la biskuti, na pini zinakaa mdomoni mwake kuanzia asubuhi. Anaongea nazo. Anacheka nazo. Miaka yote niliyomjua hajameza hata moja, ingawa mume wangu, ambaye ni mdogo wake, anashikilia kwamba amemeza nyingi na ndizo zilizomtia ukali ulimini.

Macho yalianza kumsumbua miaka mitatu iliyopita. Daktari aliuita ugonjwa wenyewe presha ya macho. Hakuumwa popote. Vitu vya pembeni tu vilikuwa vinampotea: anagonga mlango kwa bega, anamwaga chai aliyoiweka mwenyewe dakika moja nyuma. "Naona katikati tu, wifi," aliniambia. "Ni kuchungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe kila mwezi linazidi kuwa jembamba." Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Herufi ndogo na namba zikawa sisimizi kwake, hasa jua likianza kushuka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumsomea. Nilimsomea karatasi ya dawa, nikamsomea barua ya binti yake, nikamsomea namba za wateja. Alikuwa anasikiliza mara moja, basi, anaendelea na kazi yake.

Kwenye kupima hakuhitaji msomaji. Fundi mwingine angefunga duka. Yeye alitupa tepu kwenye droo akaanza kupima madirisha ya watu kwa mkono. Shibiri, shibiri, shibiri, halafu vidole. Wateja waliguna. Mapazia yakaja, yakatundikwa, yakagusa pale pale yanapotakiwa kugusa. Mimi kazi yangu ni kutoamini, kwa hiyo siku moja nikauweka mkono wake juu ya rula yangu ya chuma, ile yenye cheti. Kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho, sentimita ishirini. Nikamwambia arudie. Ishirini. Upana wa kidole kimoja, mbili. Alirudia mara kumi, macho kayafumba, na mara zote kumi sikupata pa kumkosoa.

"Haya, nipige lakiri basi," akasema, akininyooshea mkono.

Tulicheka mpaka pini zikamtoka. Nawaambia habari hii mapema ili mjue kwamba nilikuwa najua. Mkono ule niliupima mimi mwenyewe.

Uvuvi ulimjia kwa bahati tu. Mteja wake mmoja alihama mji, na kayaki yake ya plastiki, ya manjano, ya watu wawili, ikakataa kuingia kwenye lori la mizigo. Akamwachia fundi wa mapazia aliyekuwa amekuja kumtolea mapazia yake. Kwa wifi hakuna nafasi, kwa hiyo ikalazwa kwenye ujia wa nyumba yetu, mume wangu akawa anajigonga nayo kila akienda kuoga. Siku ya nne akatangaza, "Au iende majini hii, au niende mimi." Yeye hajui kuogelea, kwa hiyo ikaenda kayaki.

Bwawa la maji ya mji liko nyuma ya karakana za magari. Kando yake kuna banda la bati la chama cha wavuvi wa kayaki, watu kumi na mmoja, wengine wanene kuliko kayaki zao. Samaki wanayemtafuta anaitwa besi. Ana mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mpana unaoweza kuingiza ngumi ndani. Hawamli. Wanamvua, wanampima, wanamrudisha majini akiwa hai, halafu wanarudi nyumbani mikono mitupu na furaha tele. Mume wangu mpaka leo anaona ni wazimu. Mtu akipata besi wa sentimita hamsini au zaidi, jina lake la utani na urefu wa samaki huandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao uliopigiliwa ukutani mwa banda. Zamani walikuwa wanaleta picha za simu, zikazua ugomvi, maana ukimsogeza samaki karibu na simu hata kidagaa anakuwa nyangumi. Basi wakakubaliana kwamba anayepima ni mwenzako uliye naye majini, na neno lake ndilo kipimo. Nilipojiunga mimi, wakashangilia. Yule mwenye bucha wa gramu sitini ni mwanachama pia, na ndiye aliyesimama akasema, "Huyu akisema, imekwisha. Mimi ni shahidi, nimeumia."

Kwa miaka tisa, kila Alhamisi jioni, wifi alikaa mbele nami nikakaa nyuma. Juu kabisa ya ubao palikuwa na jina lake: Pazia, 51. Miaka minne iliyopita, macho yake yakiwa bado mazima, mimi nikavua mkubwa kuliko huyo. Wifi ndiye aliyempima. Tulikuwa wawili tu majini, hakuna kiumbe mwingine, angeweza kusema hamsini na mimi ningeshukuru. Alipiga kelele bwawa zima likasikia: "Hamsini na mbili! Wifi umenipiku! Jamani, njooni mwone mtu mwizi!" Tukafika bandani, akachukua brashi mwenyewe, akaandika Bibi Gramu, 52, juu ya jina lake.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema hata kwa mume wangu. Katika ukoo wa mume wangu, wifi ndiye kila kitu. Yeye ndiye mpishi, yeye ndiye mchekeshaji, yeye ndiye anayeitwa mtoto akizaliwa na mzee akiumwa. Mimi ni yule mke wa kaka anayefanya kazi serikalini, mkali mkali. Hiyo hamsini na mbili ilikuwa kitu changu peke yangu. Jioni nyingine nilikuwa napita bandani bila sababu, naitazama tu, kisha naenda zangu nyumbani. Aibu iliyoje, mtu wa miaka hamsini na sita! Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi ile ilikuwa ya mwisho. Wifi alikuwa anahamia kwa binti yake, mji mwingine, safari Jumamosi asubuhi. Hakutaka, ila alikuwa ameshaanza kuunguza vidole kwa pasi, na binti yake alilia kwenye simu mpaka akakubali.

"Leo nataka niliage kwa heshima hilo bwawa," alisema nikimsaidia kuingia kayakini. "Usiniharakishe."

Nikapiga kasia polepole mpaka kwenye matete, pale penye nguzo za ua wa zamani uliozama. Maji yalikuwa yametulia. Wifi akatupa mnyoo wake wa plastiki wa rangi ya zambarau, mshipi akaulaza juu ya kidole cha shahada. Alikuwa anavua kwa kidole hicho tu.

"Besi hahitaji macho," akasema. "Anabisha hodi mara mbili, kama mgeni mwenye adabu. Halafu anaondoka na mlango."

Hatukukaa sana. Nikaona bega lake limekaza. Akangoja, akangoja, akavuta, na kayaki nzima ikageuka kama mlango. Hee! Nilirudisha kasia kwa nguvu zangu zote. Samaki akaruka mara moja, akatikisa kichwa, maji yakanipiga usoni, na wifi anacheka, anacheka kweli, huku anasema, "Mshike, wifi, mimi simwoni, yuko upande gani? Mshike huyo!" Alipochoka samaki, nikamdaka mdomo wa chini kwa dole gumba. Besi ana vimeno vidogo vya kukwaruza, akanichubua ngozi. Nikamlaza juu ya ubao wangu wa kupimia, mdomo umefungwa na kusukumwa mpaka kwenye kizuizi, mkia nimeubana kwa vidole viwili.

Hamsini na nne.

Nilisoma mara ya pili. Hamsini na nne kamili, hakuna ubishi, mstari ule ule ambao ningemwonyesha mwenye bucha kwa ncha ya kalamu.

"Ngapi?" wifi akauliza. Hakugeuka, maana kugeuka kwenye kayaki ni kazi, na hata angegeuka asingeona namba.

Watu wakikosa husema ulimi umeteleza. Wangu haukuteleza. Niliiona hamsini na nne, nikaiona ile rangi nyeupe bandani, nikajiona niko chini yake tena, milele, maana nani tena angekuja kuvua samaki wa hamsini na tano? Nikafungua mdomo.

"Hamsini na moja."

"Moja?"

"Moja. Sawa na yule wako wa zamani."

Halafu akarudisha mkono nyuma. "Hebu nipe nimuage."

Nikamshusha majini ubavuni mwa kayaki, nikiwa bado nimemshika mdomo, wifi akampapasa. Mimi nilikuwa natazama ufukweni kama kuna mtu aliyetuona, kwa hiyo mkono wake niliuona juu juu tu. Ulitanda mgongoni mwa samaki, ukasogea, ukatanda tena, halafu vidole vinne, halafu vitatu. Nikadhani anambembeleza. Nikasema moyoni, maskini wifi, analiaga bwawa.

"Mwache aende zake," akasema. "Mkubwa wa kutosha."

Njia nzima ya kurudi hakuongea. Mwanamke huyo anaongea na pini mdomoni, lakini jioni ile alikaa kimya na mimi nikajiambia ni huzuni ya safari. Pale bandani mwenye bucha alikuwa anaosha kayaki yake. "Pazia amepata?" akauliza. Nikamjibu hamsini na moja. Akapiga makofi. "Bibi Gramu akisema, imekwisha!" Sikuweza kumtazama.

Usiku huo sikulala, na hilo si jambo la kusimulia. Asubuhi nilipoosha vyombo, dole gumba likaniwasha kwa sabuni. Niliingia duka la unga, nikaweka mawe yangu kwenye mizani, nikakuta imepungua gramu kumi. Siku nyingine ningemhubiria muuza unga mpaka ajute kuzaliwa. Siku hiyo nilimwambia aitengeneze, nikafunga mkoba.

"Mama, leo unaumwa?" akauliza.

"Siumwi."

"Basi mimi naogopa zaidi," akasema.

Jioni ya Ijumaa nikaenda kwa wifi kumsaidia kufunga mizigo. Nilikuwa nimeapa kwamba nitasema nikifika tu, mlangoni, kabla ya salamu. Chumba kilikuwa kimebaki kuta. Majora yalikuwa yamegawiwa, kopo la chaki limeshafungwa kwenye boksi. Cherehani tu ilikuwa bado mahali pake, na yeye ameketi nyuma yake, kitambaa cha bluu kimejaa sakafuni.

"Simama hapo hapo, unanikanyagia," akasema. "Haya ni yako. Nimeshonea mji mzima, nyumba ya mdogo wangu ina mapazia ya dukani. Nikifa nitasema nini?"

Alikuwa amepima dirisha letu la sebuleni Jumatano kwa mkono, na mimi nilikuwepo, nikamkorogea chai. Sasa ameshika mkasi, pindo la chini liko mapajani mwake.

"Wifi," nikasema.

"Ee."

"Yule besi wa jana..."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Akainua uso akautafuta wangu, akaupata katikati ya hilo bomba lake, akaushika hapo. Ilikuwa rahisi kabisa. Maneno mawili tu.

"Alikuwa mzuri," nikasema.

"Alikuwa mzuri," akasema. Akaweka mkasi chini. Akakunja pindo, akavuta sindano.

Jumamosi tulimsindikiza mpaka kituoni. Mume wangu alibeba masanduku, akajifanya ana vumbi jichoni. Wifi akanikumbatia kama anavyonikumbatia siku zote, kwa nguvu, hakupunguza hata chembe, na hilo lilinichoma kuliko angenipiga kofi. Akanipa furushi la mapazia. "Tundika leo leo," akasema. "Usisumbuke kupima, nimeshapima mimi."

Basi mchana huo mume wangu akapanda kiti, akapitisha mapazia kwenye bomba, akashuka, akarudi nyuma kuyatazama. Yalianguka vizuri, mikunjo yote sawa. Lakini chini yalikuwa hayajafika. Kati ya pindo na ukingo wa dirisha palibaki nafasi, na jua lilikuwa linaingia hapo, mstari mmoja mrefu mpaka kwenye miguu ya meza.

"Loo, dada leo amekosea," mume wangu akasema kwa upole. "Macho hayo, maskini."

Nikaenda kwenye mkoba wangu. Nikatoa rula ya chuma. Sijui kwa nini niliitoa, maana nilikuwa nimeshajua kabla sijapiga magoti. Pazia la kushoto, sentimita tatu. Pazia la kulia, sentimita tatu. Nikageuza pindo. Ndani yake palikuwa na mkunjo mwingine, umepigwa bandi kwa mkono, uzi mwekundu juu ya kitambaa cha bluu, mishono mirefu iliyolegea ambayo mtoto angeifumua kwa ukucha. Kitambaa hakikukatwa. Kilikuwepo chote.

Nikakaa sakafuni. Mkono ukanijia machoni: umetanda, umetanda tena, vidole vinne, vidole vitatu. Ishirini na ishirini, nane na sita. Mimi niliyeupima mara kumi!

"Una nini?" mume wangu akauliza.

Nikamwambia. Yote. Alisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye kile kiti alichopandia.

"Dada yangu," akasema. "Yeye na macho yale. Ukamwambia uongo wa namba?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya ubao?"

"Ndiyo."

Ni mtu wa mizaha huyu, miaka thelathini hapiti jambo bila kulifanyia mzaha. "Mimi hapo siwezi kukusaidia," akasema, akainuka akaenda uani. Baadaye alirudi akataka kufumua ule uzi ili pazia lifike. Nikamkataza.

Jumapili alasiri chama hukutana bandani. Nilisimama mbele ya wanachama kumi, yaani tisa, maana wifi hayupo, na nikasema nilichosema hapa, bila kupunguza. Nilitaka wapige kelele. Nilitaka wanitukane, nimezoea kutukanwa, nina ngozi ya kifaru. Mmoja akainamia kasia lake, akaendelea kulifuta. Mwenye bucha alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Gramu sitini ilikuwa wiki moja," akasema mwishowe. "Sentimita tatu ni muda gani?"

"Sema wewe."

"Mimi si mkaguzi," akasema. Akainuka, akafungua kopo la rangi, akanipa brashi.

Nikaandika Pazia, 54, juu ya jina langu, na ile nne ikapinda. Kisha nikamkabidhi mwenye bucha ubao wangu wa kupimia. Nilimwambia kuanzia leo apime yeye. Aliupokea, akauweka chini ya kwapa, hakufanya mzaha hata mmoja. Miaka yote nilikuwa nikiogopa mizaha ya mtu huyo, na siku niliyoihitaji akaninyima.

Nikarudi nyumbani kumpigia wifi. Nilisimama mbele ya dirisha, jua la jioni linapita chini ya pazia na kuniangukia miguuni. Alipokea mara moja.

"Wifi! Umeshatundika?"

"Nimetundika."

"Yamefika?"

"Hayajafika."

"Yamepungua ngapi?"

"Tatu. Wifi, yule besi alikuwa hamsini na nne. Nilikudanganya. Nimeshawaambia wote bandani, nimeandika ubaoni, lakini wewe ndiye nilipaswa kukuambia kwanza. Nisamehe."

Nilisikia anavuta kiti.

"Ijumaa ulipoingia nilikuwa na mkasi mkononi," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Ukaniambia alikuwa mzuri. Nikasema nikate, nikasema nikunje. Nikakunja."

"Nimeona uzi."

"Ubao wenyewe sikujali, wifi. Ungeniambia tu, 'Wifi, niachie hii hamsini na mbili yangu,' ningekuachia, tungecheka." Sauti yake, ile ya kuita ng'ambo ya barabara, ilikuwa ndogo. "Ila sasa hivi nasomewa kila kitu. Huku sina hata mkono wa kunisaidia, dawa haipimwi kwa shibiri. Jana binti yangu amenisomea karatasi ya matone ya macho, asubuhi mara moja, jioni mara mbili. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Akaniuliza, mama, kwani huniamini?"

Nililia, na najua anajua, maana nilikuwa nimeshika simu karibu na mdomo.

"Usilie, utalowesha kitambaa," akasema. "Fumua. Nataka nisikie."

Nikaweka simu sakafuni, nikapiga magoti, nikavuta ule uzi mwekundu, mshono baada ya mshono, pazia la kushoto kisha la kulia. Kitambaa kikaanguka. Mstari wa jua ukatoweka miguuni pangu.

"Yamefika?" sauti ikauliza kutoka sakafuni.

"Yamefika."

"Pima."

Nikachukua rula ya chuma. Nikapima kutoka kwenye bomba hadi kwenye ukingo. Nikamsomea: "Mia moja arobaini na sita."

"Rudia," akasema wifi.

Nikapima tena.